Lilaki Kutoka Droo ya Chini

Siku ya kwanza alikuja na tawi moja. Si shada, si fungu. Tawi moja tu, limeviringishwa kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga, naye kalishika kwa mikono miwili iliyovaa glovu nene za sufu. Ilikuwa mchana, jua linapika bati la duka langu, na huyu bwana amevaa glovu.

Nilimjua kwa sura. Duka langu linatazamana na geti la nyuma la hospitali, lile ambalo magari yake hutoka polepole na taa zimewashwa. Sikufungua pale kwa kubahatisha. Geti la mbele lina wauza matunda na wauza maji wanaogombania watu wanaokwenda kuwaona wagonjwa. Mimi, niliyeanza na ndoo moja ya maua kichwani, nilichagua geti la nyuma kwa sababu wateja wake hawaishi na hawana nguvu za kubishana bei. Wakaniita Mama Mashada, nami sikuwakataza. Jina linalotaja bidhaa ni tangazo la bure. Yeye alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti, na hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu hadi wafagizi, ilimwita Baridi.

"Hili nataka ukae nalo, dada," aliniambia. "Bei sikutajii leo."

Mtu anayekataa kutaja bei mimi humwogopa zaidi ya anayetaja kubwa. Nikamwambia afungue gazeti.

Harufu ilitoka kwanza, tamu na nzito, lakini ndani yake mna ubaridi fulani, kama chumba kilichofungwa siku nyingi kikiwa na nguo safi. Kisha nikaona vijiua vidogo vidogo vya ncha nne, vimesongamana kwenye kikonyo kimoja kama kichala cha zabibu. Rangi yake sikuwa na jina lake. Rangi zetu nyingi tumeziazima kwenye vitu vya kutia mdomoni: chungwa, zambarau, kahawa, maji ya kunde. Hii sikuwahi kuila popote. Fundi cherehani wa mlango wa pili, mtu asiyekosa neno, alikuja na futi shingoni, akainama, akainuka.

"Hiyo ni zambarau iliyofuliwa mpaka ikasahau kwao," akasema.

Baridi alisema inaitwa lilaki, mti na rangi yake pia. Hadithi yake aliitoa kwa vipande, maana hakuwa msemaji. Alipokuwa kijana alifagia bustani ya nyumba ya daktari mmoja aliyetoka nchi za theluji, na daktari huyo alipanda kichaka cha kwao chini ya dirisha. Miaka yote aliyokaa hapa hakuona ua hata moja, majani tu. Ndiyo maana, nadhani, alipenda kukisimulia: kwamba asili yake ni milima ya mawe ambako baridi haina mchezo, kwamba kilipita kwenye bustani za masultani wa Kituruki kabla ya kufika kwao, kwamba jina lake Waarabu walilichukua kwa Waajemi, na Waajemi walilitoa kwenye neno la nili, hii hii nili tunayotia kwenye maji ya kusuuzia mashuka meupe. Na kwamba mti huu hauchanui mpaka ulale kwenye baridi kali. Usipoulaza, hauamki. Daktari aliporudi kwao nyumba ikavunjwa, na Baridi akang'oa machipukizi ya mizizini kabla ya matingatinga kufika, akayapanda kwenye makopo makubwa ya rangi nyuma ya nyumba za wafanyakazi.

"Na baridi ya kuulaza unaitoa wapi, kaka, na mji wenyewe huu?"

Alinitazama tu. Mimi nikatazama lile geti. Sikuuliza tena, siku ile.

Kabla ya kuondoka aliniambia na maana zake, kama alivyozisikia kwa daktari. Kuna nchi mjane akivua nyeusi hatoki moja kwa moja kwenye rangi za furaha; huvaa lilaki kwanza, ya kupitia njiani. Kuna nchi kijana humpelekea msichana wa kwanza kumpenda. Na kuna nchi hakuna atakayekuruhusu uvuke nalo mlango wa nyumba, kwa sababu zamani lilijazwa kwenye majeneza kufunika harufu, na watu wakaja kuamini kuwa ua lenyewe huita.

Maana tatu kwa ua moja: hapo ndipo nilipojua nina bidhaa. Nililiweka kwenye bilauri ya maji juu ya kaunta. Kabla sijafunga duka walikuwa wameshaliulizia watu wawili, shangazi wa bibi harusi na mama mmoja aliyefiwa na mumewe mwaka uliopita. Shangazi nilimpa maana ya msichana wa kwanza. Mjane nilimpa ile ya rangi ya kupitia njiani, akalia kidogo, akaagiza. Maana ya tatu niliiacha chini ya kaunta.

Aliporudi nilimwambia sinunui kitu ambacho sijaona kinakotoka. Ndivyo nilivyofanya na wakulima wa mawaridi na ndivyo nilivyofanya na wauza waya. Nimefika hapa nilipo kwa kuingia mashambani mwa watu na kugusa udongo. Akaniambia nije saa ya chakula, wenzake wakiwa wamekwenda kula.

Chumba chake kilikuwa kisafi kuliko jiko langu. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa, meza ya bati, sinki, mpira wa maji umeviringishwa vizuri ukutani. Upande wa ndani kulikuwa na kabati kubwa la chuma lenye droo ndefu, na mota yake ilikuwa ikinguruma, ikikohoa, ikinyamaza, kisha ikianza upya. Kila droo yenye mtu ilikuwa na lebo ya karatasi ngumu iliyofungwa kwa kamba kwenye mpini. Alipiga goti mbele ya droo ya chini kabisa, ile ya pembeni, akaivuta. Ilitoka kwa shida, inakwaruza.

Ndani vililala vichaka vyake. Vitatu, vifupi, havina jani hata moja, vimelazwa ubavu, makopo yamefungwa magunia, matawi yamefunikwa shuka kuukuu la hospitali mpaka kwenye ncha. Kama hujaambiwa ungeuliza ni mtoto wa nani.

Alinieleza kazi yake bila kunitazama. Kwanza anaunyima mti maji mpaka majani yaanguke. Halafu anaulaza humo, hauhitaji mwanga maana umekufa nusu. Akiutoa anauweka kivulini, siku za mwanzo asiharakishe, halafu anaupeleka kwenye joto, na ndipo unaposhtuka na kutoa kila ulichonacho kwa mara moja. Droo ile ilikuwa na reli mbovu, wenzake hawakupenda kuitumia, kwa hiyo haikuhitajika mara kwa mara. Lakini sheria ya chumba kile ilikuwa moja: droo isiyo na lebo ni tupu, na mtu yeyote anayetafuta nafasi ataifungua. Kwa hiyo ilibidi droo ya vichaka nayo iwe na lebo.

Niliinama nikaisoma. Ilikuwa imeandikwa jina lake mwenyewe.

Nadhani niliruka hatua nyuma. Akasema ningemwandika nani? Jina la marehemu mwingine, ndugu zake wangeweza kulikuta wakaanza kulia upya. Jina la kubuni, huwezi kujua liko kwa mtu gani huko nje, ukamletea mkosi. Jina lisilomwonea mtu lilikuwa moja tu. Wenzake wakiliona watadhani ni lebo ya mhudumu wa zamu.

"Na wasipodhani hivyo?" nikamwuliza.

"Basi nafukuzwa kazi. Nyumba nayo inakwenda."

Alipokuwa akirudisha droo alisimama katikati, akashika kabati, akavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. Halafu akaniambia kuna jambo jingine la rangi hii ambalo daktari hakumfundisha. Alivuta kidogo droo ya juu, akafunua shuka pembeni. Mkono wa mzee, umetulia. Kucha zake zilikuwa na rangi ileile. Si ya kufanana. Ileile.

"Huyu ilimwanza akiwa anatembea," Baridi alisema. "Moyo ukichoka, au kifua, rangi inakuja kwenye kucha na midomo kabla ya mtu kulala. Nikiiona kwa mtu barabarani, najua yuko njiani kuja kwangu. Wengine hufika haraka, wengine huchelewa."

Sikupenda kuyasikia hayo na sikuyaamini yote. Lakini kulikuwa na mlinzi wa lile geti, pande la mtu, mcheshi, aliyezoea kuchukua waridi kwenye ndoo yangu na kujichomeka kwenye kofia. Wiki hizo hizo Baridi alisimama naye getini, akamshika mkono, akamwambia akaonwe na madaktari. Mlinzi alitutangazia barabara nzima kuwa Baridi amekosa wateja sasa anawatongoza. Fundi cherehani alicheka mpaka akachoma kidole kwa sindano. Maua ya msimu ule hayajaisha kuchanua, nikamfungia mlinzi shada lake la mazishi, na nikachomeka waridi moja kwenye ile kofia kwa sababu mkewe aliomba.

Baada ya hapo, Baridi akiingia dukani mimi mikono naishusha chini ya kaunta. Aliliona siku ya kwanza tu.

"Kucha zako nyekundu kama za mtoto mchanga, dada. Wewe utatuzika wote, na utatuuzia maua."

Tulipokaa kujadili malipo nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa alichokitaka. Nyuma ya duka nina vyumba vitatu nilivyojenga tofali kwa tofali, na wapangaji wake hawajawahi kunisumbua kwa sababu huwachagua kama ninavyochagua maua. Baridi alitaka kimoja. Si kwa ajili yake. Alikuwa na binti mmoja, anasomea uuguzi pale pale, na chuo chao hakina mabweni. Mama wa binti alikwisha kufa. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kazi: mfanyakazi akiondoka, kwa kustaafu au kwa lolote, vitu vinatolewa nje ndani ya wiki. Na mbali na mji kulikuwa na mdogo wake Baridi mwenye mashine ya kusaga nafaka, ambaye kila akija alisema msichana anapoteza muda na vitabu wakati mashine inakosa mtu wa kuaminika wa kusimamia.

"Siku nikiikosa ile nyumba," alisema, "mdogo wangu atafika kabla godoro halijakauka nje. Binti akiwa hana pa kulala mjini, nani atamzuia? Atampakia kwenye gari pamoja na magunia, na uuguzi ndiyo basi. Nataka siku hiyo apewe ufunguo. Akae bure mpaka amalize na aajiriwe."

Kwa malipo hayo lilaki zote zingekuwa zangu, kila msimu, asimuuzie mtu mwingine hata jani.

Nilimpigia hesabu palepale. Kustaafu kulikuwa mbali. Kazini hakuwa na kosa. Binti alikuwa amebakiza muda wa kuhesabika kumaliza masomo. Kwa hiyo nilikuwa naombwa kuahidi kitu ambacho siku yake isingefika, na kwa ahadi hiyo napewa maua ambayo hakuna duka jingine mjini lililo nayo. Hata hivyo sikukubali mara moja. Ukikubali mara moja mwenzako huona amekosea. Nikasema chumba hakiwezi kukaa kitupu kikisubiri. Akasema mpangaji hatoki kwa siku moja, kwa hiyo mpangaji hapana. Tukakubaliana nitakitumia kama stoo ya fremu za waya, nyasi kavu na mabunda ya utepe, vitu ambavyo naweza kuvihamisha asubuhi moja. Nikajaribu kuweka sharti kwamba maua yakikatika na chumba kinakatika. Hapo akawa mgumu kama droo yake.

"Hapana, dada. Mimi nikishindwa kuleta maua, ndipo yeye atakapokihitaji chumba."

Nililisikia neno hilo na nikalipita. Nikamwita fundi cherehani awe shahidi, tukayasema yote mbele yake kwa sauti, kila mmoja sehemu yake, na fundi akayarudia. Tukapeana mikono, yake ndani ya glovu.

Msimu ule lilaki ilinilipa. Kulikuwa na maharusi waliobadili tarehe ili waipate. Kulikuwa na mama mmoja aliyetaka gauni lishonwe kwa rangi ile, na fundi cherehani alizunguka maduka yote ya vitambaa akiwa na kijiua kwenye mfuko wa shati, akarudi na vitambaa vya urujuani, vya waridi, vya kijivu, kila kimoja kikiwa na kitu pungufu. Alisema rangi hii inakimbia ukiitazama: ukiiweka karibu na buluu inakuwa nyekundu, ukiiweka karibu na nyekundu inakuwa buluu. Nikamwambia kama mwanamke mwenye madeni. Tukacheka. Baridi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda changu, hakucheka. Alikuwa akipumzika, ingawa kutoka getini hadi dukani ni kuvuka barabara tu.

Msimu uliofuata alileta maua mapema kuliko nilivyotarajia na akaomba ufunguo wa stoo.

Nikamwuliza wa nini. Akasema anataka kuipaka rangi. Nilihamisha vitu vyangu upande mmoja, nikidhani ni kichaa cha mzazi. Alikuja na chokaa kwenye ndoo, akakoroga nili, kisha akatia rangi nyekundu kidogo kidogo kwa ncha ya kijiti, anapaka ukutani, anasubiri ikauke, anarudi kukoroga. Ilimchukua muda mrefu mno. Kila nikipita mlangoni nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, brashi mkononi.

"Baridi, unaipaka au unaiombea?" fundi cherehani alimpigia kelele dirishani.

Alinyanyua brashi tu, kama kusema subiri. Alipomaliza niliingia. Kuta nne, zote lilaki. Mchana, mlango ukiwa wazi, kila kitu kilichokuwamo kilichukua rangi ile: mabunda ya utepe mweupe, nyasi, uso wake. Nilitoka haraka.

Mwezi huo akatokea mwenye duka la dawa anayetaka chumba cha kuhifadhia maboksi. Mtu wa aina ambayo haji mara mbili: anataka mkataba mrefu, hapiki ndani, hana wageni, hana watoto. Na mimi chumba ninacho, kina nyasi. Sikulala vizuri. Nikamwita Baridi, nikampa kiti, nikampa maji, nikamweleza kwa upole kuwa mapatano ni yaleyale lakini tuyasogeze kidogo. Mwenye dawa aingie sasa, na binti nitamtafutia mahali siku ikifika, si bado mbali? Nilizungumza vizuri. Nikizungumza vile wakulima wa mawaridi hupunguza bei wenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua glovu ya kulia, kidole kwa kidole, akaweka mkono juu ya kaunta, kando ya bilauri yenye tawi la lilaki.

Sikuhitaji kuinama. Kucha na ua vilikuwa kitu kimoja.

"Misimu miwili umekagua maua, dada," alisema. "Umekagua mizizi, umekagua droo. Mimi hukunikagua."

Nilikuwa nikitazama jinsi ile biashara ilivyopinduka mbele yangu, kila kipande kikijigeuza. Glovu mchana wa jua. Kigoda. Sharti alilokataa. Alijua tangu siku ya tawi la kwanza. Alikuwa amejisoma mwenyewe kama alivyomsoma mlinzi, kisha akavuka barabara kutafuta mtu wa kumuuzia siku yake. Nimefanya biashara na watu wenye meno, wengine waliniacha na ndoo tupu, lakini hakuna aliyewahi kuniuzia kitu cha namna hiyo nikadhani nimepata.

Nikamwuliza kama amemwona daktari. Akasema amemwona, kwa siri, hospitali nyingine, na la kufanya lilikuwa dogo na lilikuwa limeshafanywa. Hapa kwake hataki wajue. Wakijua watampumzisha, wakimpumzisha nyumba inakwenda, na mdogo wake atasikia. Binti alikuwa amekaribia mitihani ya mwisho. Kila wiki aliyoongeza ndani ya nyumba ile ilikuwa ya binti.

Na mimi, kama ningetaka kujitoa, ningeweza kumsema kwa wakubwa wake. Nilifikiri hilo, kwa nini nifiche. Lakini hata kwa hesabu ilikuwa upuuzi: nikimsema leo atatolewa leo, na ufunguo nitautoa leo. Kunyamaza kulinifaa kuliko kusema. Mwenye duka la dawa nilimwambia chumba kimechukuliwa.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kutazama geti. Likifunguka naangalia kama ndiye. Akitoka natazama anavyovuka. Alikuwa akisimama katikati ya barabara, magari yanapiga honi, yeye anatazama chini kama aliyeangusha kitu. Midomo nayo ilianza. Ilikuwa ajabu kwangu kwamba mamia ya watu waliosomea miili ya binadamu walimpita kila asubuhi wakimsalimu, "Habari za huko, Baridi," na jibu lake la "Kumetulia" ndilo lililowatosha. Hakuna anayemtazama sana mtu wa chumba kile. Aliijua hiyo pia na aliitumia.

Alifia kazini, asubuhi, mitihani ya binti ikiwa imebaki mmoja. Mwenzake wa zamu alipofika alimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, mkono mmoja kwenye mpini. Droo ya chini ilikuwa wazi. Vichaka alikuwa ameshavitoa, vimepangwa ukutani, vimefunuliwa, makopo hayana magunia. Ilikuwa ni siku yake ya kuviamsha. Siku ile kabati lilikuwa limejaa, droo iliyokuwa tupu ni ile. Wakamlaza humo. Yule mwenzake alikuja kunisimulia kwamba hawakuandika lebo. Walipotaka kuandika waliikuta imeshafungwa, kwa mwandiko wake, na kamba yake imechakaa.

Mdogo mtu alifika kabla hata ya mazishi, na gari lenye vumbi la unga. Nilikuwa nimeshahamisha fremu zangu na nyasi zangu, na ufunguo nilimpa binti mkononi mbele ya fundi cherehani, kama tulivyosema. Jamaa alimkuta binti amekaa kwenye kizingiti cha kile chumba na madaftari yake.

"Kusanya vitu, mwanangu, tutazika kisha twende," alimwambia.

"Nina mtihani, baba mdogo."

"Mtihani wa nini, na huna hata pa kuweka kichwa?"

Binti aliufungua mkono, akamwonyesha ufunguo. Jamaa akanigeukia. Akaniuliza mimi ni nani kwake, mpaka niingilie mambo ya ukoo.

"Ni shangazi," binti akasema. Baba yake aliniita dada, naye akaendeleza.

"Mimi ni mwenye nyumba wake," nikasema. "Amelipiwa. Kama unataka kumtoa, nirudishie nilicholipwa."

Akauliza nililipwa nini. Nikamwonyesha vichaka vitatu ambavyo yule mwenzake Baridi aliniletea mlangoni, vijiti vitupu kwenye makopo ya rangi. Alivitazama, akanitazama mimi, na fundi cherehani akakohoa. Jamaa akaona anazungumza na wendawazimu. Alizika, akala, akaondoka na magunia yake matupu.

Vile vijiti vilichanua siku chache baadaye, kwa mara moja, kama alivyosema. Vilikuwa vyangu kwa mapatano na niliviuza vyote. Sikubakiza maana hata moja chini ya kaunta.

Binti alifaulu, akaajiriwa. Alikaa bure mpaka hapo, neno kwa neno kama tulivyosema, na mwenye duka la dawa alikwisha kupanga kwa jirani yangu, ambapo yuko mpaka leo na analipa bila kukumbushwa. Vichaka nimebaki navyo nyuma ya duka. Mhudumu mpya wa kule ni mtu wa kufuata sheria. Nilimwendea na maneno yangu mazuri, akanionyesha mlango. Nikajaribu friji la muuza soda, likakausha kimoja. Viwili vilivyobaki vina majani mazuri ya kijani, kama ya kichaka chochote. Wateja bado huulizia lile ua. Nawauzia mawaridi.

Kuta za chumba kile nilitaka kuzipaka nyeupe mara binti atakapohama, lakini hakuhama. Juzi alinipa pango lake la kwanza. Nilikwenda kulipokea mlangoni mwake, mchana, mlango wazi. Aliniwekea pesa kiganjani, na badala ya kuachia, akavishika vidole vyangu. Akavigeuza, akazisogeza kucha zangu kwenye mwanga. Ana mikono ya babake, isiyo na haraka.

"Shangazi," alisema, "kesho usifungue duka asubuhi. Nitakupeleka hospitali mimi."

Nikamwambia ni rangi ya kuta hizi, humu kila kitu kinakuwa hivyo. Akasema huenda. Bado hakuwa ameniachia mkono. Nikauchomoa, nikatoka nao nje, juani, nikautazama mwenyewe.